Mafuriko Kitengela, Rongai na Mavoko: mwongozo kamili wa kuondoka kabla maji hayajafika mlangoni

Kila masika swali ni lile lile: kwa nini hata waliojiandaa wanazidiwa na maji? Magunia ya mchanga yalipangwa, mkoba wa dharura ulifungwa, simu zilichajiwa, na bado watu wakaokolewa juu ya paa usiku wa manane. Walichokosa si vifaa. Hawakuwa wameamua mapema ni dalili gani ikionekana wanatoka, kwa hiyo walingoja kuyaona maji yenyewe. Maji yakishaonekana mlangoni, njia ya kutokea huwa imefungwa kitambo.

Ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini imepewa nafasi kubwa. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu wikendi hii, fanya hiyo.

Mwongozo huu ni wa mitaa ya Kajiado inayokua kwa kasi, yaani Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian, pamoja na majirani wa Mavoko upande wa Machakos, kwa sababu wote wamo katika bonde moja la Mto Athi. Kajiado ilihesabiwa watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 mwaka 2019. Nyumba nyingi za watu hao zina mapaa, kabro na kuta za mawe, na mvua iliyokuwa ikinywewa na nyasi sasa inakimbilia mtaroni yote kwa pamoja. Mahali ambapo wazee wanakumbuka pakiwa pakavu huenda pasiwe pakavu tena.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Vipimo ni vya familia ya watu 5.

- Jerikeni 3 za lita 20 zenye vifuniko vinavyokaza. Hesabu ni lita 4 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, kwa siku 3.
- Klorini ya maji ya kunywa, na pakiti za unga wa kusafisha maji ya tope.
- Tochi 2 za kuvaa kichwani na betri za akiba. Tochi ya mkononi inakunyima mkono mmoja wa kumshika mtoto.
- Redio ndogo ya betri, na betri ya kuchajia simu.
- Filimbi moja kwa kila mtu.
- Gambuti na glavu za mpira.
- Kamba ya mita 20, ya kufungia tangi na mtungi wa gesi.
- Magunia 25 ya mchele ya kilo 25 kwa kila mlango, mchanga toroli 5 au 6, sepetu, na kipande cha nailoni nzito kama ile inayotandazwa chini ya sakafu wakati wa ujenzi.
- Rangi nyeupe na nyekundu, kopo lenye kuta zilizonyooka, na rula.
- Chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachokaza, cha kuwekea vyeti.
- Pesa taslimu katika noti ndogo: nauli ya kila mtu mara mbili, na chakula cha siku 3. Mtandao ukizimika, pesa za kwenye simu hazitumiki.
- Dawa za kila siku za kutosha siku 7, pedi, nepi, na pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini.

## Hatua ya 1: Tafuta maji yalipofika mara iliyopita

Usiulize kama mtaa wako hufurika. Mwenye nyumba atasema hapana, na dalali atasema hapana kwa sauti kubwa zaidi. Uliza maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za Novemba 2023, na yalifika wapi Aprili na Mei 2024. Waulize watu watatu wasio na nyumba ya kupangisha: mwenye kibanda cha mboga, mlinzi wa usiku, fundi wa bodaboda.

Kisha tembea mwenyewe. Tafuta mstari wa tope ukutani, nyasi kavu na nailoni zilizonasa kwenye waya wa ua, rangi iliyobanduka kwa kiwango kimoja nyumba baada ya nyumba. Mstari ulionyooka unaopita kwenye nyumba kadhaa ni alama ya mafuriko. Doa linalopanda na kushuka kwenye ukuta mmoja ni unyevu wa kawaida.

Pima kwa rula urefu kutoka ardhini hadi kwenye mstari, kisha ongeza futi moja. Nyongeza hiyo ni ya nyumba zilizojengwa tangu wakati huo.

Angalizo. Udongo mweusi wa Kitengela na Athi River hupasuka kiangazi na kuvimba ukilowa. Ukishavimba haunywi maji. Ploti inayoonekana tambarare na kavu mwezi wa Januari inaweza kusimamisha maji kwa wiki nzima mwezi wa Aprili, hata kama mto uko mbali.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama mlangoni, ukaonyesha kwa mkono kiwango cha maji yanayotarajiwa, na ukasema yatatokea upande gani.

Kama nyumba iko ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto, hatua zilizobaki zitakusaidia kutoka ukiwa hai, lakini hazitaifanya nyumba iwe salama. Mwaka 2024 serikali iliwaamuru walio ndani ya umbali huo wahame. Anza kutafuta nyumba nyingine wakati wa kiangazi, kodi ikiwa haijapanda na magari ya kuhamisha vitu yakiwa yanapatikana.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa kwenda, upande ule ule wa mto

Hapa ndipo mipango mizuri huharibika. Watu huchagua kwa shangazi, kisha wanakuta kati yao na shangazi pana daraja lililozama.

Chagua sehemu mbili. Ya kwanza iwe ya kutembea kwa miguu kwa dakika zisizozidi 30: nyumba ya jirani yenye ghorofa imara, shule au kanisa lililo mwinukoni. Ya pili iwe mbali zaidi, kwa ndugu au rafiki anayeweza kuwapokea kwa siku kadhaa. Zungumza naye sasa. Mtu aliyekwisha kukubali ni rahisi kumwendea usiku. Mtu ambaye hujamwomba utamsitia, na kusita huko kutakugharimu muda.

Ya kwanza lazima iwe upande wako wa mto na wa kila kijito kinachojaa. Itembelee njia yote, ukihesabu makalavati. Njia isiyo na kalavati hata moja ni bora kuliko fupi yenye mawili. Fanya safari hiyo mara moja mchana na mara moja usiku, maana mashimo ya choo yaliyoachwa wazi na mitaro isiyo na mifuniko haionekani maji yakishatanda.

Utajua umefaulu kila mtu nyumbani mwenye umri wa kuanzia miaka 8 akiweza kutaja sehemu zote mbili bila kukumbushwa.

## Hatua ya 3: Weka alama ya kuondoka

Alama ya kuondoka ni jambo linaloonekana kwa macho, lililokubaliwa kabla ya mvua, ambalo likitokea familia inatoka bila mjadala. Si hisia, na si "hali ikiwa mbaya". Baba hana haki ya kusema tungoje kidogo, na mama hana haki ya kusema nimalizie kupika.

Kwanza, hesabu muda mnaohitaji. Tuseme mnahitaji dakika 20 kuamsha watoto, kuvaa na kufunga nyumba, na dakika 25 za kutembea. Jumla ni 45. Zidisha mara mbili kwa sababu ya giza, matope na mzee anayetembea polepole. Mnahitaji dakika 90.

Pili, ulizia maji yalichukua muda gani. Wale watu watatu wa hatua ya 1 wanajua. Kalavati lilipojaa hadi juu, ilichukua muda gani maji kufika nyumba hizi? Wakisema saa moja, basi kalavati lililojaa si alama yenu. Dakika 60 hazitoshi kwa watu wanaohitaji 90. Alama yenu ni kalavati likifika nusu, au hata chini ya hapo.

Tatu, paka rangi. Tafuta ukuta wa kalavati, nguzo ya daraja au jiwe lisilohama, mahali panapoweza kumulikwa kwa tochi kutoka ardhi kavu. Kuanzia chini kwenda juu, paka mistari myeupe kila sentimita 25, na mmoja mwekundu kwenye kiwango mlichokubaliana. Ongea na mzee wa mtaa kwanza ili isionekane kazi ya wahuni, na ili wengine waitumie.

Nne, gawa zamu. Alama isiyoangaliwa haimwokoi mtu. Kundi la Nyumba Kumi linaweza kugawana usiku: mtu mmoja anaangalia saa 3, mwingine saa 6, mwingine saa 9, kila mara mvua inaponyesha. Maji yakigusa rangi nyekundu, mwangalizi anapuliza filimbi mara tatu mfululizo, anatulia, anarudia. Ujumbe wa simu ni wa ziada tu, kwa kuwa simu nyingi huzimwa sauti usiku.

Weka pia alama nyingine mbili zisizohitaji kupima chochote:

*Maji ya kijito yakipungua ghafla huku mvua ikiendelea, ondokeni papo hapo.* Huenda takataka zimeziba kalavati huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Hilo ndilo lililotokea Mai Mahiu, Nakuru, alfajiri ya 29 Aprili 2024: maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala.

*Maji yakibadilika rangi kuwa ya tope zito, yakibeba matawi, au ukisikia mngurumo usioisha, ondokeni.* Wingi wa maji uko njiani, hata kama kwako kuna nyota.

Jambo la nyota si la kupuuzwa. Mto Mbagathi unakusanya maji ya Ngong, na vijito vya Kitengela na Isinya vinatoka ndani ya Kajiado. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, maji yanawafikia watu wa Athi River saa kadhaa baadaye, wakati mvua imekatika na kila mtu amerudi kitandani akidhani yamekwisha. Tafuta mtu mmoja wa kuaminika anayeishi juu ya mto, mbadilishane namba, naye awapigie mto wake ukijaa.

Sheria ya usiku. Kama kuna tahadhari ya mvua kubwa na kufikia saa 3 usiku inanyesha bila kupumua, wazee, wajawazito, watoto wachanga na watu wenye ulemavu walale kwingine usiku huo. Wao hawangoji mstari mwekundu. Watoto wataamka wamechoka, na mara nyingine mtakuwa mmehama bure. Kubalini hivyo tangu mwanzo. Mpango usiowahi kuwatoa bure umewekwa kwa kuchelewa.

Utajua umefaulu mkiweza kuandika alama yenu kwa sentensi moja na kuibandika nyuma ya mlango. Kwa mfano: "Maji yakigusa mstari mwekundu wa kalavati la shule, tunatoka kwenda kanisani kwa njia ya juu."

## Hatua ya 4: Soma tahadhari ya hali ya hewa ipasavyo

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu, na hutoa tahadhari maalum mvua kubwa ikikaribia. Ukiipata, soma mambo matatu: maeneo yaliyotajwa, tarehe na saa ya kuanza na kuisha, na kiasi. Angalia kama Nyanda za Juu na Nairobi zimetajwa pia. Mvua yao inaweza kujaza mito inayoishia kwenu.

Tahadhari nyingi husema mvua ya zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24. Inaonekana ndogo hadi uihesabu. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba, kwa hiyo ploti moja ya futi 50 kwa 100 inapokea zaidi ya lita 9,000. Ikiwa yote ni paa na kabro, karibu zote zinatoka getini.

Pima mwenyewe pia. Weka lile kopo mahali wazi, mbali na paa na miti, na usome kwa rula. Likifika milimita 20 kabla ya usiku kuingia na tahadhari bado inaendelea, hamishia mkoba karibu na mlango na uvae nguo za kutokea.

Angalizo. Ujumbe unaosambazwa bila tarehe ni wa kufutwa. Tahadhari za mwaka uliopita hurudi kila masika, zinawatisha watu, na ya kweli ikija haiaminiki tena.

## Hatua ya 5: Mkoba na vyeti

Mkoba ubebeke na mtu mmoja mgongoni, usizidi kilo 10 kwa mtu mzima. Mzito zaidi ya hapo utautupa njiani. Weka tochi, redio, dawa, nguo moja ya joto kwa kila mtu, chakula kisichohitaji kupikwa, pesa, na chombo cha vyeti. Jerikeni za maji hazibebwi. Zihifadhi zile zilizojaa kwenye sehemu ya kwanza mliyochagua, kabla ya msimu.

Ndani ya chombo weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, mkataba wa nyumba au hatimiliki, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono. Piga picha ya kila kimoja na umtumie ndugu aliye kaunti nyingine. Kitambulisho kikipotea, picha yenye namba hupunguza safari za kwenda na kurudi ukitafuta kingine.

Namba za kuandika: 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 97771 kwa Kenya Power, na namba ya chifu wenu.

## Hatua ya 6: Tayarisha nyumba na ploti

Mitaro. Safisha mwisho wa Februari kabla ya masika na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Taka zilizotolewa ziondolewe siku ile ile. Zikiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inazirudisha.

Ukuta wa mawe. Hiki ndicho kinachoua watu mitaani kwetu na hakitajwi vya kutosha. Maji yakisimama mita moja upande mmoja wa ukuta, kila mita ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 500. Ukuta wa mawe usio na nguzo za zege haukujengwa kwa mzigo huo, na unaanguka bila kutoa onyo. Toboa matundu ya kupitisha maji chini kabisa, kila baada ya mita 2, yenye upana wa ngumi, na uyazibue kila msimu. Usiruhusu kitanda cha mtoto kikae nyuma ya ukuta unaozuia maji, wala mtu kujikinga mvua kando yake.

Magunia ya mchanga. Makosa ni matatu, nayo hujirudia: kujaza gunia pomoni, kupanga mstari mmoja mwembamba, na kusahau choo.

Jaza gunia nusu tu, liwe na kilo kama 20. Lililojaa halikunjiki, na maji yanapita kwenye nafasi kati ya magunia. Tandaza nailoni kuanzia ukutani kuelekea nje, panga magunia juu yake, kisha geuza ncha ya nje ya nailoni iyafunike kwa mbele. Kunja mdomo wa kila gunia uwe chini yake, panga kwa kupishana kama mafundi wanavyopanga matofali, na kanyaga kila safu kabla ya kuweka inayofuata. Kwa kinga ya futi moja weka safu 3: ya chini iwe na upana wa magunia 3, ya kati 2, ya juu 1. Mlango wa kawaida utachukua magunia kama 24.

Usipandishe zaidi ya futi 2. Maji yakizidi hapo nje huku ndani ni pakavu, yanausukuma ukuta wa nyumba yenyewe. Wakati huo unatakiwa uwe umeshaondoka.

Choo na mabomba ya sakafuni. Mlango ukizibwa vizuri, maji taka hupanda kupitia choo na shimo la bafuni. Jaza mchanga wenye unyevu kwenye mfuko imara, ubane kwenye choo, na uweke mwingine juu ya tundu la bafuni. Kama mna tangi la maji taka la plastiki lililofukiwa, lisinyonywe likabaki tupu katikati ya msimu: maji ya ardhini hulisukuma juu na kuvunja mabomba. Linyonyeni kiangazi.

Umeme na gesi. Inua nyaya za sakafuni sasa. Siku ya kuondoka zima swichi kuu, ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama umesimama kwenye maji, usiiguse. Funga mtungi wa gesi, ondoa regileta, na ufunge mtungi kwa kamba kwenye kitu kisichohama. Mtungi uliobaki na gesi kidogo huelea, na hubamizwa ukutani na maji.

Mifugo. Fungua mazizi na kamba za mbwa unapoondoka. Ng'ombe aliyefungwa huzama pale pale alipofungwa.

## Hatua ya 7: Fanya zoezi mara mbili

Zoezi la kwanza ni mchana, kila mtu akijua. La pili ni usiku, taa zikiwa zimezimwa, kuanzia filimbi hadi wote wakiwa nje ya geti. Lengo ni dakika 10. Mkizidi, tafuta kilichowachelewesha: mara nyingi ni funguo, viatu, au mtu mmoja aliyekuwa akitafuta simu. Tundika funguo na viatu mahali pamoja, na mrudie.

Zungumza na shule. Ukubaliane na mwalimu kwamba mvua ikiwa kubwa mtoto haachiliwi peke yake, na utaje majina mawili ya wanaoruhusiwa kumchukua. Watoto wengi hukumbwa wakivuka vijito kurudi nyumbani, wakati shule ilikuwa mahali salama zaidi.

## Hatua ya 8: Filimbi imelia

Toka. Usirudi kuchukua televisheni.

Usivuke maji yanayokimbia. Nusu futi ya maji yenye kasi humwangusha mtu mzima. Futi moja hubeba gari dogo, na futi 2 hubeba magari mengi, yakiwemo makubwa yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Chini ya maji huoni kama barabara ingalipo. Dereva wa matatu akitaka kuvuka, shuka na familia yako. Nauli italipwa siku nyingine.

Msifungane kwa kamba mkiwa ndani ya maji. Mmoja akiteleza anawavuta wote. Gari likizima ndani ya maji, fungua mkanda, shusha dirisha mara moja kabla umeme wa gari haujakatika, toka na upande juu ya paa.

Mkishindwa kutoka, pandeni juu ya nyumba iliyo imara na si ndani ya dari, ambako hakuna pa kutokea. Pulizeni filimbi mara tatu kila dakika chache. Waya wa umeme ulioanguka, kaeni mbali nao na maji unayoyagusa.

## Hatua ya 9: Kurudi nyumbani

Rudini mchana tu. Kabla ya kuingia zunguka nje utazame nyufa mpya, kona zilizodidimia na ukuta ulioinama. Piga picha za kila chumba kabla ya kusafisha, kwa ajili ya bima au msaada. Swichi kuu isiwashwe hadi fundi aliyeidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, akague soketi zilizolowa. Ingia na gambuti na fimbo, kwa maana nyoka nao walikimbilia pakavu.

Usiwashe jiko la makaa ndani ili kukausha nyumba. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Fungua madirisha na mngoje.

Maji ya kunywa. Chemsha hadi yatokote vizuri na uache yatokote dakika 3. Kwa klorini, fuata kipimo cha chupa na usubiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwa kitambaa kwanza, kisha klorini iongezwe mara mbili. Pakiti za unga ni bora zaidi kwa tope: pakiti moja kwa lita 10, koroga dakika 5, acha litulie, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, subiri dakika 20.

Tangi. Lile la chini ya ardhi lichukulie kuwa limechafuka hata kama maji yake yanang'aa. Toa maji yote, sugua, jaza upya, na kwa kila lita 1,000 mimina lita 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato. Fungua bomba zote hadi usikie harufu ya klorini, funga, acha usiku kucha, kisha mwaga yote. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya choo, mvuke wake unachoma mapafu.

Chakula. Unga, mchele, mboga na kila kilichofunguliwa kikaguswa na maji hutupwa. Mikebe isiyotoboka ioshwe kwa sabuni na klorini. Godoro lililoloa maji taka halitengenezeki.

Kuhara. Kipindupindu hufuata mafuriko. Mtu akianza kuhara maji maji, mpe mchanganyiko wa chumvi na sukari papo hapo mkiwa njiani kwenda hospitali. Pakiti zikikosekana, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kupimwa kwa usawa wa kijiko. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo onja: isiwe na chumvi kuliko machozi.

Wiki hiyo hiyo, tope likiwa bado ukutani, pima mstari mpya na ulinganishe na ule wa hatua ya 1. Ukiwa juu zaidi, au maji yakiwa yalifika haraka kuliko mlivyoambiwa, shusha mstari mwekundu kwenye kalavati na mbadilishe karatasi iliyo nyuma ya mlango.